Sevu ya gemu ina kitambulisho chake: isome kabla ya kuigusa, na nywila usimpe mtu

Chomeka flashi kwenye PS4, nakili gemu uliyoihifadhi, kisha ifungue flashi hiyo kwenye kompyuta. Utakuta folda iitwayo PS4. Ndani yake mna SAVEDATA, ndani ya SAVEDATA mna folda yenye jina la herufi na tarakimu 16 zisizosomeka, na ndani ya hiyo mna folda nyingine inayoanza na CUSA na kumalizikia kwa tarakimu 5. Vijana wengi wakifika hapo hukata tamaa, hufunga kompyuta na kwenda kumtafuta "fundi wa kumodi". Hapo ndipo pesa na akaunti zinapoanza kupotea.

Nimeulizwa mara nyingi, na wazazi na vijana, majina haya ni ya nini na kama kuchezea sevu ni hatari. Nitajibu kwa lugha yetu, kwa sababu maelezo mengi yaliyoko yameandikwa kwa Kiingereza na watu wanaodhani kila msomaji ana kompyuta ya kisasa chumbani. Wengi wetu huku twacheza kwenye simu, au kwenye PS2 iliyofunguliwa na kufungwa mara tatu, au kwenye PS4 aliyoileta mjomba kutoka Dubai. Maelezo yafaa yaanzie hapo.

Kwanza tuelewane maneno. Sevu ni faili ambayo gemu huandika ili ukumbukwe ulipofika: pesa ulizonazo, silaha, misheni uliyomaliza, timu uliyoipanga. Gemu yenyewe, iliyoko kwenye diski au iliyopakuliwa, ni kitu kingine kabisa. Kumodi sevu ni kuibadilisha hiyo faili ndogo kwa programu, ili gemu ikifunguka ikute unazo shilingi milioni ambazo hukuzitafuta. Gemu haikuguswa, ilichoguswa ni daftari lake.

Na kila daftari lina kitambulisho. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa uzito wa kitambulisho, maana wako waliozungushwa miaka kwa ajili ya kipande. Kwenye gemu ni vivyo hivyo: herufi moja ikikosewa, hupiti mlangoni.

Chukua PS2. Ubavuni mwa kasha la San Andreas la Ulaya pameandikwa SLES-52541. La Marekani limeandikwa SLUS-20946. Gemu ni ile ile, CJ ni yule yule, lakini kwa mashine hizo ni gemu mbili tofauti. Herufi hizo zina mpango. Ya pili ikiwa L, gemu imetengenezwa na kampuni nyingine iliyopewa leseni. Ikiwa C, ni ya Sony wenyewe. Ya tatu yataja soko: E ni Ulaya, U ni Marekani, na P ni Japani. Kama kasha limepotea, au diski ni ile ya kunakiliwa iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, itie kwenye kompyuta utafute faili iitwayo SYSTEM.CNF. Ifungue kama maandishi ya kawaida, utaiona namba hiyo kwenye mstari wa BOOT2.

Gemu ikihifadhi kwenye memori kadi, hutengeneza folda yenye namba hiyo hiyo na kuitangulizia herufi mbili: BE kwa Ulaya, BA kwa Marekani, BI kwa Japani. Kwa hiyo sevu ya San Andreas ya Ulaya huanza na BESLES-52541, na ya Marekani BASLUS-20946. Sasa utaelewa kisa kinachotokea kila siku vibandani. Kijana akopa memori kadi kwa rafiki yake wa Likoni mwenye gemu iliyomalizwa asilimia 100, aitia kwenye mashine ya Majengo, na gemu yamwambia hakuna kitu. Kadi si mbovu wala mashine si mbovu. Gemu yatafuta BESLES na kadi ina BASLUS. Wapo wanaofuta kadi nzima kwa hasira wakidhani imeharibika, na kadi ya PS2 ni MB 8 tu lakini yaweza kubeba miaka mitatu ya mtu.

Kwenye simu mambo ni karibu yale yale, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko watoto wetu walikohamia. PPSSPP ni programu inayoifanya simu icheze gemu za PSP. Ilianzishwa na Henrik Rydgård na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2012. Sevu zake hukaa kwenye folda ya PSP, ndani ya SAVEDATA, na majina yake hufuata mpango ule ule wa herufi. ULES00151 ni Liberty City Stories ya Ulaya. ULUS10041 ni ya Marekani. UCES00842 ni God of War: Chains of Olympus ya Ulaya, na hiyo C yakuambia ni gemu ya Sony. Ukipewa sevu yenye ULUS na wewe gemu yako ni ya ULES, haitaonekana, hata ukiipakua mara kumi.

Ndani ya folda hiyo huwa mna picha ndogo, mna faili ya data, na mna PARAM.SFO. Hiyo PARAM.SFO ndiyo hati ya utambulisho: hutaja jina la gemu, maelezo ya sevu, na namba za kuhakikisha kwamba data haikuguswa. Ndiyo maana haifai kuchukua faili moja ndani ya folda na kumtumia mwenzako kwa WhatsApp. Chukua folda nzima, ifunge kwenye zip, ndipo uitume.

Kuna mambo mawili ya PPSSPP yanayowaliza watu bila sababu. La kwanza ni mahali pa folda. Simu za Android za sasa zikifungua PPSSPP kwa mara ya kwanza huuliza pa kuweka data. Ukichagua hifadhi ya ndani ya programu yenyewe kwa sababu ni rahisi, siku ukiiondoa PPSSPP sevu zote zaondoka nayo. Chagua kutengeneza folda yako mwenyewe, ambayo utaiona ukifungua mafaili ya simu. La pili ni ile picha ya papo hapo inayokuwezesha kusimamisha gemu popote, hata katikati ya vita. Hiyo si sevu. Hukaa kwenye folda nyingine, PPSSPP_STATE, na ni picha ya kumbukumbu ya mashine kwa dakika ile. Toleo jipya la PPSSPP laweza kukataa kuifungua. Anayetegemea picha hizo peke yake, asihifadhi ndani ya gemu, ajenga nyumba mchangani wakati maji yamekupwa.

Turudi kwenye PS4. Hapa Sony waliacha ule mpango wa herufi za soko. Kila gemu huanza na CUSA, na ndani ya CUSA mna herufi USA, basi watu huapa kuwa diski ni ya Marekani. Siyo. GTA V ya Ulaya ni CUSA00411 na ya Marekani ni CUSA00419. Zote ni CUSA. Huwezi kujua soko kwa kutazama herufi, lazima ulinganishe namba yote. PS5 hutumia PPSA kwa namna hiyo hiyo.

Kwetu jambo hili ni kubwa kuliko kwa Mwingereza, kwa sababu moja. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo akaunti za PlayStation hufunguliwa rasmi. Mwaka 2024 wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta walitakiwa wawe na akaunti hiyo, na gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi nyingi ambazo hazimo kwenye orodha, hadi kelele zikafanya sharti lenyewe lifutwe. Kwa hiyo kijana wa Mombasa mwenye PS4 hujiandikisha kama mkaazi wa Marekani, Uingereza au Imarati, kulingana na aliyemsaidia. Diski yatoka upande mmoja, akaunti upande mwingine. Diski yenyewe itacheza bila shida, kwani PS4 haifungi diski kwa nchi. Lakini nyongeza za gemu unazonunua kwa akaunti ya Marekani hazitaingia kwenye diski ya Ulaya, na sevu ya CUSA moja haitasomwa na CUSA nyingine. Kabla hujanunua kadi ya pesa za dukani, soma namba iliyoko kwenye diski. Dakika moja hiyo yaokoa maelfu.

Na ile folda ya herufi 16? Hiyo ni namba ya akaunti yako. Yaani sevu ya PS4 hujibu maswali mawili: ni gemu gani ya soko gani, na ni ya nani. Ukiichukua sevu ya rafiki na kuitia kwenye mashine yako, hata CUSA zikilingana, mashine yaona mwenyewe si wewe na yakataa.

Xbox 360 nayo ina namba yake ya tarakimu 8, na mimi huipenda kwa ujanja wake. GTA IV ni 545407F2. Hiyo 54 ni namba ya herufi T katika mpangilio wa kompyuta, kwa hiyo 5454 ni TT, yaani Take-Two, kampuni yenye gemu. Halo 3 ni 4D5307E6, na 4D53 ni MS, Microsoft. Wii hutumia herufi nne: Wii Sports ya Marekani ni RSPE na ya Ulaya RSPP. Switch ya Nintendo usisumbuke nayo, maana sevu zake hukaa ndani ya mashine na haziwezi kunakiliwa kwenye kadi ya nje kwa njia ya kawaida.

Sasa tuingie ndani ya faili. Mfano mzuri ni San Andreas ya kompyuta, ambayo nusu ya saiba za mjini zilikuwa nayo. Sevu yake huitwa GTASAsf1.b, sf2, hadi sf8. Ukubwa wake ni baiti 202,752 kila mara, uwe umecheza saa moja au mwezi. Ukiifungua kwa programu ya kuonyesha baiti utaona neno BLOCK likijirudia. Kila BLOCK ni mwanzo wa sura mpya ya daftari, moja ya magari, moja ya silaha, moja ya mitaa. Pesa zimeandikwa kwa baiti 4, kwa hesabu inayotumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Dola 1,000 huandikwa E8 03 00 00. Dola 999,999,999 huandikwa FF C9 9A 3B. Kompyuta na PS2 huanza na baiti ndogo. PS3 na Xbox 360 huanza na kubwa, yaani 3B 9A C9 FF. Anayeiga somo la kompyuta akalipeleka kwenye PS3 bila kugeuza, hushangaa kupata kiasi cha ajabu. Na nambari hizi zina dari. Baiti 4 zinazokubali hesabu ya chini ya sifuri haziwezi kupita 2,147,483,647. Ukizidisha hapo, pesa hugeuka deni. Tamaa, basi.

Umebadilisha pesa, umehifadhi, umefungua gemu, na gemu yasema faili imeharibika. Kwa nini? Kumbuka karani wa mizigo kwenye bandari ya kale. Aandika kila gunia linaloshuka jahazini, na chini ya ukurasa aandika jumla. Ukija usiku ukageuza gunia 40 kuwa 400 na kuiacha jumla ya zamani, asubuhi bosi akijumlisha hujulikana umeguswa ukurasa. San Andreas hufanya hivyo hivyo: hujumlisha baiti zote na kuandika jumla kwenye baiti 4 za mwisho. Programu nzuri ya kuhariri sevu huijumlisha upya kwa niaba yako. Anayebadilisha kwa mkono na asijue habari za jumla, hupoteza sevu na kulaumu kompyuta.

Hiyo ilikuwa kinga dhidi ya kuharibika, si dhidi ya wajanja. Baadaye watengenezaji wakaongeza muhuri. Kwenye PS3 faili ya PARAM.PFD hubeba alama za kila faili ndani ya folda, na bila ufunguo huwezi kuzitengeneza. Kwenye Xbox 360 sevu hutiwa sahihi ya mashine pamoja na namba ya mwenyewe, ndiyo maana wamodi wa enzi hiyo walikuwa na msemo wa "kutia sahihi upya". Kwenye PS4 data yote imefungwa kwa fumbo. Kwa hiyo programu za kuhariri sevu za PS4 zinazofanya kazi ni za kulipia, na huipeleka faili yako kwenye seva ya mwenye programu ifunguliwe huko, ihaririwe, ifungwe tena. Wazijua faida na hasara: unalipa, na unamwamini mtu usiyemjua na faili yako. Lakini angalia alichopewa. Amepewa faili iliyotoka kwenye flashi. Hakupewa nywila.

Hili ndilo nililotaka wazazi walisikie zaidi kuliko yote. Vilivyomo kwenye gemu vimegawanyika sehemu mbili. Vingine viko kwenye sevu, ndani ya mashine yako: pesa za CJ, hadithi ya God of War, timu yako ya kucheza peke yako. Vingine viko kwenye seva ya kampuni, ng'ambo: pesa za GTA Online, sarafu za Ultimate Team, sarafu za eFootball. Vile vya kwanza hubadilishwa kwa faili, na faili haihitaji nywila. Vile vya pili havibadiliki kwa faili yoyote, hata uwe na fundi wa aina gani, kwa sababu daftari haliko kwako. Basi hakuna upande ambao nywila yako yahitajika kwa kumodi sevu. Anayekuambia "nitumie nywila nikumodi sevu" ama haijui kazi, ama anaijua vizuri sana.

Kisa huwa kimoja. Kijana wa Kisauni aona tangazo la sarafu za bei nafuu, atuma pesa kwa simu, atakiwa nywila na ile namba ya siri inayoingia kwenye simu ili "zipandishwe". Baada ya nusu saa hawezi kuingia. Barua pepe ya akaunti imebadilishwa, na gemu zote alizonunuliwa na mama yake kwa miaka miwili ziko kwenye akaunti hiyo. Kuirudisha ni kazi, kwa sababu akaunti imeandikwa anwani ya London ambayo mtoto haikumbuki. Kisheria, kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018. Lakini kama nywila uliitoa kwa mkono wako, una kibarua cha kumweleza polisi kuwa hukutoa idhini.

Hatari nyingine ni virusi, na hii si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 2005 ilisambazwa programu iliyodai kuishusha PSP kwenye toleo la zamani ili ikubali gemu za kienyeji. Ilichofanya ni kufuta faili nne muhimu za mfumo, na PSP ikawa kipande cha plastiki. Sevu zenyewe zimewahi kutumika kama mlango: mwaka 2008 wataalamu waliingia kwenye Wii kwa kutumia sevu ya Zelda ambayo jina la farasi lilikuwa refu kuliko nafasi yake, likamwagika na kuendesha programu yao. Wale hawakuwa na nia mbaya, lakini funzo ni kwamba faili ya sevu si karatasi tupu. Kwenye simu zetu hatari ya kawaida ni ya kijinga zaidi: mtoto atafuta "PPSSPP Gold ya bure" na kupakua chochote. Toleo la bure lililoko kwenye duka la Google hufanya kazi zile zile za Gold. Gold ni njia ya kumlipa mtengenezaji. Na sevu haiwi APK. Ukiambiwa upakue sevu ikaja APK au faili inayomalizikia EXE, ifute.

Je, kumodi ni haramu, ni dhambi, ni wizi? Mimi sioni ubaya kwa mtu kubadilisha gemu yake mwenyewe anayoicheza peke yake. Mtu mzima mwenye kazi na watoto, akitaka kumaliza San Andreas bila kurudia ile misheni ya treni mara 30, ni shauri lake. Wenye gemu za mpira wenyewe wamewahi kufungua mlango. Nani hakumbuki PES ikimwita Liverpool "Merseyside Red" kwa kukosa leseni? Watu walirekebisha majina na jezi kwa option file, na baadaye PES za PS4 zikaruhusu rasmi kuingiza timu na picha kutoka folda ya WEPES kwenye flashi. Huko ni kumodi kwa baraka za mwenyewe, na vijana wengi hapa mjini walijifunzia kompyuta kwa kuhangaika na folda hiyo.

Ubaya waanza pale panapokuwa na mtu wa pili. Kwenye mtandao, kampuni zina haki ya kukufungia, na hufanya hivyo. Mwaka 2008 Microsoft iliwarudisha sifuri alama za wachezaji waliozipata kwa sevu za kugeuzwa, ikawabandika jina la waongo hadharani kwenye wasifu wao. Japani wamekwenda mbali: tangu mwaka 2018 sheria yao yakataza kuuza programu na huduma za kugeuza sevu, na mwaka 2024 polisi wa huko walimkamata mtu kwa kuuza Pokemon alizozigeuza. Kwetu hatuna sheria ya namna hiyo na sidhani twaihitaji. Lakini tuna mashindano ya usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe, kila mtu atoa kiingilio, na mshindi hubeba chungu. Timu ikiwa imehaririwa ili mshambuliaji mmoja awe na kasi ya 99, huko si kumodi, ni kula pesa za wenzako. Mwenye kibanda apakie upya timu za asili kabla ya mechi ya kwanza, wote wakitazama, na memori kadi au akaunti ya mgeni isiguse mashine hadi fainali iishe.

Kwa anayetaka kujaribu kwa usalama, utaratibu wangu ni huu. Andika namba kamili ya gemu yako kwenye karatasi. Toa nakala mbili za sevu: moja uifanyie kazi, nyingine uiweke mahali ambapo mkono wako hautaifikia kwa haraka. Kwenye PS4 hii hufanywa kwenye mipangilio, sehemu ya kusimamia data zilizohifadhiwa, kisha kunakili kwenye flashi. Kwenye PS2 utahitaji kadi ya Free McBoot na programu ya uLaunchELF inayotoa folda kwenye kadi na kuitia kwenye flashi. Kwenye PS5 sevu za gemu za PS4 hutoka, lakini za gemu za PS5 zenyewe hazitoki kwenye flashi kabisa, kwa hiyo usipoteze muda wala pesa kwa anayekuahidi.

Kama unalipia PS Plus, zima kwanza ile kazi ya kupandisha sevu yenyewe kwenye mtandao. Wengi husahau hapa: waharibu sevu ya mashine, na usiku mashine yaipandisha hiyo mbovu juu ya ile nzuri iliyokuwa salama. Kisha badilisha kitu kimoja tu, pesa kwa mfano, uirudishe, ufungue gemu, uzunguke kidogo, uhifadhi kwenye nafasi mpya badala ya ile ya zamani. Ikifunguka mara ya pili bila lawama, endelea na kitu cha pili. Anayebadilisha pesa, silaha, magari na misheni kwa pamoja, gemu ikikwama hatajua ni kipi kilichoikwamisha. Misheni hasa uziache. Hesabu za misheni zimefungamana na mambo mengi ndani ya faili na ndizo zinazoacha mlango usiofunguka au mtu asiyetokea, saa 20 mbele.

Na zile nakala zipe majina yatakayoeleweka mwaka ujao. Usiandike "sevu mpya" na "sevu mpya 2". Andika gemu, namba na tarehe, kama SanAndreas SLES52541 Machi 14, ili hata mdogo wako akiikuta flashi droo la mezani ajue ni ya gemu gani, ya soko gani, na kwamba haifai kuformatiwa ili atie nyimbo.